Gari linalala kwenye kona: nibaki na tairi za 195/65R15 au nipande 205/55R16?

Swali: Wakuu, gari linavuta mbele (injini inazungusha magurudumu ya mbele), limekuja na tairi za 195/65R15 91H (upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana, rimu inchi 15; 91 ni namba ya mzigo, H ni ya spidi). Kwenye kona linalala, lami ikilowa pua inateleza kwenda nje. Nibadili saizi au aina tu? Nikinunua mawili, yaende mbele?

Jibu 1: Saizi inakubali. Kipenyo ni milimita 634.5 dhidi ya 632, kwa hiyo spidi mita haisogei. Ubavu unashuka kutoka milimita 127 hadi 113, na ubavu mrefu ndio unaojikunja kwenye kona. Upana wa rimu uwe inchi 6.5. Namba ya mzigo isishuke chini ya 91, yaani kilo 615 kwa tairi. Ila kwenye maji upana si dawa. Angalia raba inayoshika lami yenye maji na mifereji yenye kina.

Jibu 2: Mawili mapya yaende nyuma! Wengi wanabisha hapa. Mbele ikiteleza unaachia mafuta, inarudi. Nyuma ikiteleza, gari linazunguka kabla hujajua.

Jibu 3: Kabla ya kununua, soma tairi za zamani. Zimeliwa kingo zote mbili: upepo mdogo. Katikati: upepo umezidi. Upande mmoja: alaimenti (magurudumu hayajakaa sawa), na tairi mpya zitaliwa vilevile. Pima upepo tairi zikiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko cha mlangoni, si namba ya ubavuni. Hiyo ni kikomo cha juu cha upepo. Dukani tazama tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyo ubavuni mwa tairi: 2324 ni tairi iliyotengenezwa wiki ya 23, mwaka 2024.