Kufunga kisiwa au kuacha wazi? Tupeane uzoefu wa kazi zetu mwaka wa korona

Barazani
Jana mabishano ya 2020 yamefufuka tena, kahawa ikapoa vikombeni. Tungefunga Zanzibar yetu moja kwa moja kama wenzetu, au vile tulivyoacha nusu wazi ndivyo hasa? Kila mtu na sauti yake, hesabu hapana. Basi tupeane uzoefu hapa, kila mmoja na kazi anayoijua: ilisimama vipi, nini kiliharibika na kwa nini, nini kilifaa. Siasa tuiachie baraza nyengine.

PaaLaMakuti
Umenigusa pabaya. Naanza na hoteli, na jambo moja ambalo wanaopiga kelele hulisahau: Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hulala zenyewe kwa masika. Ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa 12 Aprili 2020, nyumba nyingi zilishaanza kukunja magodoro. Ndege zikaruhusiwa tena 18 Mei. Ukitazama tarehe tu utasema, wiki tano, si kitu. Kilichoua ni Julai na Agosti, maana huo ndio msimu unaolipa madeni ya masika, na wageni hawakuwepo. Ufukwe wa Kiwengwa ulikuwa unamsubiri Mtaliana ambaye kwao walifungiana tangu Machi. Mwaka 2019 waliingia watalii 538,264, mwaka 2020 wakaingia 260,644, na sehemu kubwa ya hao walikuja kabla ya balaa au mwisho wa mwaka. Kwa hiyo swali la "tungefunga" kwa upande wa hoteli halina maana kubwa. Mlango ulifungwa Milano, sisi tulikuwa tumeshika komeo la huku tu.

Sasa kazi yenyewe. Hoteli haitiwi kufuli ukaenda zako kama duka.

Bwawa: pampu iende kwa muda wa saa nne mpaka sita kila siku, klorini isishuke chini ya miligramu 1 kwa lita wala kupita 3, pH 7.2 mpaka 7.6. Acha siku tano kwa joto la hapa, maji kijani, wiki ya pili viluwiluwi vya mbu. Wengine walisema tulimwage lote tupumzike. Kosa kubwa! Masika maji ya ardhini yanapanda, na bwawa tupu lililo karibu na ufukwe linasukumwa kutoka chini kama mtumbwi, sakafu inapasuka au bwawa zima linainuka. Ukitaka kupunguza, punguza mpaka chini ya midomo ya kuvutia uchafu, basi.

Viyoyozi viwashwe nusu saa kila wiki, la sivyo ukungu unakaa ndani. Ile mashine ya nje ioshwe kwa maji matamu, si ya kisima chenye chumvi, maana chumvi inakula yale mapezi ya alumini mpaka yanakuwa unga. Jenereta kila wiki mbili, dakika 30, na iwe na mzigo. Ukiiwasha kavu inajaza masizi na mafuta kwenye ekzosi, siku ya kuihitaji inakohoa. Friji zimwa, kausha, mlango uegeshwe na kitambaa. Bomba na shawa zote zifunguliwe dakika tano kila wiki, maji yaliyolala kwenye paipu huzaa vijidudu. Makuti yazibwe kabla mvua haijakolea, kuti moja likichomoka maji yanaozesha boriti nzima.

Yote hayo yanataka watu. Nyumba ya vyumba 30 hailali salama bila watu watano sita wanaolipwa, na mapato ni sufuri. Hiyo ndiyo maana ya kufunga.

MwanaKaskazini
Bwawa tupu kuinuka ni kweli kabisa. Kwenye orodha yako ongeza mchwa.

PishiYaWete
Haya, nyie wa Unguja mkisema uchumi mnakusudia utalii. Pemba kuna karafuu, na karafuu haijui korona. Ua linachumwa likiwa bado limefumba, limeanza kuwa jekundu. Likifunguka ni mpeta, thamani imekwenda. Ukimwambia mchumaji akae ndani siku 14, umemwambia aache mavuno juu ya mti, kwa sababu ndani ya siku hizo mkarafuu haukungoji.

Mchumaji analipwa kwa pishi (kile kipimo cha ujazo), kwa hiyo hakuna mshahara wa kukaa nyumbani. Mbichi kilo tatu zinatoa kavu kilo moja hivi. Jua likiwa zuri siku nne tano juu ya jamvi. Zikilala na umande zikarundikwa, zinapata joto, zinapauka na kukunjana, daraja la kwanza kwaheri. Na mnunuzi ni ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, peke yake kwa bei iliyotangazwa, kwa hivyo mkulima hakumhitaji mtalii hata mmoja.

Pa kurekebisha palikuwa mahali pamoja tu, kwenye kuchambua. Watu ishirini wanazunguka rundo moja usiku, magoti yanagusana, taa moja, kutenganisha karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake. Hapo ugonjwa unapita. Dawa yake: kila nyumba jamvi lake, mtu achukue pishi zake akachambulie kwao. Kazi inachelewa kidogo, lakini haisimami.

Barazani
Mpemba keshaanza. Nani alisema Pemba haina uchumi?

PishiYaWete
Umesema "hoteli" ya kwanza kabla ya vyote ulipoomba michango jana usiku. Tulikusikia.

HesabuYaBosi
Gari za abiria kwa ufupi. Tuchukue gari inayokaa watu 18 na kwa kawaida hupakia 24 na waliosimama. Ukiamrisha wakae kwa viti tu, robo ya mapato imeondoka, mafuta hayakupungua hata kijiko. Nauli imepangwa, huwezi kuipandisha. Basi upungufu unaanguka kwa dereva na utingo, maana hesabu, ile pesa ya kila siku ya mwenye gari, inatoka kwanza. Ndiyo sababu amri kama hiyo inashika wiki moja, ya pili watu wanainama askari akionekana. Ukitaka ishike, anza na hesabu ya tajiri, siyo na abiria.

KambaNaTaitai
Kweli tupu.

Na mwani nao usisahauliwe. Kazi za hoteli za Paje na Jambiani zilipokauka, watu wengi walirudi pwani kufunga kamba, na wengi walikuwa hawajui. Kamba mita tano mpaka kumi, kigingi huku na huku, taitai (kijikamba cha kufungia mbegu) kila baada ya shibiri, mbegu ya ukubwa wa ngumi. Wageni wa kazi walibananisha kamba ili wapate nyingi, maji yakawa hayapiti, mwani ukajaa uchafu na kukatika. La pili, walivuna wiki ya nne kwa njaa ya pesa, wakati unataka wiki sita. Mbichi kilo saba nane kwa kavu moja. Ukivuna haujakomaa unapoteza zaidi. Mwani aina ya kotonii wasiuguse kipindi cha joto, unapauka na kuoza, wakae na aina ya spinosum hata kama bei yake inaumiza.

Anayesema "kaeni ndani" ajue mwani unafanywa siku za bamvua tu, mwezi mpya na mwezi mpevu. Ukizikosa hizo siku chache, umekosa nusu mwezi mzima. Uzuri wake ni kazi ya wazi, upepo, mtu na mtu mita kadhaa. Hatari ilikuwa ghalani. Kontena zilichelewa, magunia yakarundikwa, na mwani usiokauka vizuri unachemka ndani ya gunia. Ukikamua mkononi usitoe unyevu, na chumvi nyeupe ionekane juu, hapo ndipo ufungwe.

MwanaBahari
Mnazungumza kana kwamba waliofunga ni wajinga. Mauritius walifunga kweli kweli kuanzia 20 Machi 2020, hata maduka makubwa yakafungwa siku kadhaa, yalipofunguliwa watu wakaingia kwa herufi za majina ya ukoo. Mipaka kwa watalii wakafungua kikamilifu 1 Oktoba 2021. Kisiwa kama sisi, wanategemea wageni kama sisi. Wakaweza.

HesabuYaBosi
Waliweza kwa sababu serikali yao ililipa sehemu ya mishahara kupitia waajiri. Papasi wa Nungwi, yule anayezungusha wageni, mwajiri wake nani? Muuza madafu? Fundi wa makuti analipwa kwa mkono. Ukitaka kulipa watu kukaa ndani, lazima uwe na daftari lao kwanza, na daftari pekee tulilonalo linalofika kila nyumba ni la sheha, kiongozi wa mtaa.

MwanaBahari
Basi sheha angetumika. Na msizungumze pesa tu. Februari 2021 tulimzika Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na kabla yake chama chake kilishatangaza kuwa ana korona. Makaburi nayo yaingizwe kwenye hesabu zenu.

PaaLaMakuti
Hapo sina jibu la haraka. Mwenyezi Mungu amrehemu.

GhalaLaMalindi
Kwa anayetaka kufunga kisiwa: funga abiria, usiguse mizigo. Vitunguu, viazi na unga vinavuka kutoka bara, mchele wa mapembe unatoka Asia. Machi 2020 Vietnam ilizuia mikataba mipya ya kuuza mchele nje, na hapa bei huanza kunong'onwa kabla meli haijachelewa. Namna ya kufanya: mabaharia wabaki chomboni, makaratasi yakabidhiwe kwa kamba, wapakuzi makundi mawili yasiyokutana. Kundi moja likiugua, la pili linaendelea. Ukiwachanganya, bandari nzima inasimama siku moja.

BombaLaNdoo
Mie nataka kusema la jiki, maana lilikaribia kuua mtu na wala si korona iliyokuwa imuue.

Nyumba moja ya wageni pwani ya mashariki, sitaitaja, ilikuwa inafungua baada ya miezi. Choo kimekaa, duara la manjano limeganda. Mfanyakazi kaambiwa "kila kitu jiki". Akamimina jiki bila maji. Doa halitoki. Akaongeza ile asidi ya kutolea madoa juu yake. Dirisha limefungwa, feni haina umeme. Jiki na asidi vikikutana hutoa gesi ya klorini, ni nzito kuliko hewa, inakaa chini usawa wa mtu aliyeinama anasugua. Akatoka anakohoa, macho mekundu, pumzi hazitoshi, akaanguka ukumbini.

Sasa sikilizeni. Watu kumi pale, hakuna aliyemgusa. "Korona! Korona!" Wengine wakaruka ukuta. Mpishi akapiga simu, hakusogea. Mtu analala sakafuni anapigania hewa na mlango wa choo uko wazi nyuma yake, moshi unamfuata. Aliyemwokoa ni fundi wa bwawa, kwa sababu anaijua ile harufu. Akamburuta nje kwa miguu, akamvua shati, akammwagia maji usoni na mwilini kwa ndoo, akamkalisha, hakumlaza, gari ikampeleka hospitali. Alipona.

KambaNaTaitai
Subhanallah.

MwanaKaskazini
Kumi wote walikimbia? Hata mmoja?

PishiYaWete
Hofu ndiyo iliyofunga nchi hii, amri hazikuwa na kazi ya kufanya.

FundiCherehani
Haya tupe kipimo basi. Watu walikuwa wanasema kifuniko kimoja kwa ndoo.

BombaLaNdoo
Kifuniko kwa ndoo ni maji ya kunukia tu. Jiki ya asilimia 3.5: sehemu moja kwa sita za maji inakupa asilimia 0.5, ya damu na matapishi. Sehemu moja kwa 34 inakupa 0.1, ya meza na vitasa. Changanya kila siku upya, weka kivulini, jua linaivunja. Osha kwa sabuni kwanza, uchafu unakula klorini. Mikono, sabuni inatosha.

GhalaLaMalindi
Sisi tulikuwa tunapiga nusu kwa nusu, hakuna kirusi kilichobaki.

BombaLaNdoo
Wala ngozi haikubaki.

Na ndoo zenyewe: koki itoboe sentimita tano juu ya kitako, siyo chini kabisa, mashapo yanaziba. Tundu kwa msumari wa moto, dogo kuliko koki, halafu vaza viduara viwili vya mpira wa tyubu, kimoja ndani kimoja nje. Ndoo ya lita 20, nusu lita kwa mtu, ni watu 40. Mlangoni pa soko hiyo inakwisha kabla hujamaliza kufunga mkoba, kwa hiyo pipa, siyo ndoo.

FundiCherehani
Na barakoa: pamba iliyofumwa karibu, tabaka mbili, mikunjo mitatu ya kuelekea chini, uzi wa mpira. Kitenge kimoja kinatoa nyingi, ila nta ya kitenge kipya ifuliwe kwanza, hewa haipiti. Bei ilipanda mpira, siyo kitambaa. Wengine wakakata soksi.

Barazani
Uzi umekuwa wa jiki na soksi. Turudi: tungefunga au tusingefunga?

MnadaniMalindi
Mie nasema samaki wamejibu. Hoteli ikifunga, pweza, kamba na changu wakubwa hawana mnunuzi, wakati dagaa na vibua bei haitikisiki, maana hao wanaliwa nyumbani. Aliyekuwa na nyavu za hoteli alitota. Aliyejua kufanya ng'onda akavuka: pasua mgongoni, chumvi kilo moja kwa kilo tatu nne za samaki, usiku mmoja, kisha jua siku tatu juu ya kichanja, siyo juu ya mchanga. Nisipoteze muda na kufunga au kutofunga.

MwanaBahari
Mji wa Kale wa Mombasa ulizingirwa Mei 2020, kuingia hakuna, kutoka hakuna, Idd ikawakuta humo. Wale nao ni Waswahili na wamevuka.

HesabuYaBosi
Wamevuka kwa deni. Waulize wenye maduka.

MwanaKaskazini
Jamani, PaaLaMakuti, swali la dharura: kuna bwawa lina wiki tatu, kijani mpaka huoni ngazi ya pili. Umwage?

PaaLaMakuti
Usimwage, mvua hizi! Toa majani kwa wavu, shusha pH mpaka 7.2, piga klorini kwa kishindo jioni jua likizama, pampu iende siku nzima bila kuzimwa, sugua kuta, osha chujio kila baada ya saa nane. Siku tatu nne utaona chini.

GhalaLaMalindi
Tia samaki perege, watakula viluwiluwi na mwani wako wa kijani. Bure kabisa.

PaaLaMakuti
Na klorini utaitia kabla ya perege au baada?