Sadaka jariya ya wazazi wetu, tuisajili wapi?
Salaam wakuu, wazee wetu wote wawili walishatangulia mbele za haki, sasa sisi watoto tunachangishana kwenye grupu la familia, tumeshachimba kisima kimoja huko Handeni kwa nia ya sadaka jariya yao (sadaka ambayo thawabu zake zinaendelea kuwafikia hata baada ya kufa), ila hela zote zinapita kwenye simu ya dada mkubwa na shemeji mmoja (hachangii hata mia) ameshaanza maneno. Tunataka akaunti ya benki yenye jina la taasisi. Mmoja anasema twende kwa Msajili wa Jumuiya pale Mambo ya Ndani, mwingine NGO, mwingine RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini) tuweke wadhamini. Sisi hatuhubiri wala hatuna msikiti, ni maji na madaftari ya yatima tu. Aliyepitia anijuze, na kwenye katiba wakwe mliwawekaje?