UZI: Tangi la majitaka lita 4,500, mnapangisha watu 10, halafu mnashangaa ziwa kugeuka kijani!

Wakuu, long wikendi ya Agosti hiyo inakuja, na Waswahili wa Regina na Saskatoon mmeshaanza kuchangishana mkapange nyumba kando ya ziwa la Last Mountain Lake, hapa Saskatchewan, Kanada. Kabla hamjatuma hata dola moja, someni hapa. Kinachofanywa na baadhi ya wenye nyumba kule ni uchafu, na anayeulipia ni mpangaji na ziwa lenyewe.

Kwa wageni: jimbo letu la Saskatchewan lina vijiji vya mapumziko vinavyotambuliwa kisheria, na kandokando ya ziwa hili viko kadhaa, mfano Kannata Valley na Saskatchewan Beach. Sikituhumu kijiji chochote, tabia hii utaikuta kwenye maziwa mengi ya nyanda hizi. Majira ya baridi panakuwa kimya, kiangazi watu wanafurika. Viwanja ni vidogo na maji yako hatua chache, kwa hiyo nyumba nyingi zina tangi lililofukiwa ardhini, lisilo na njia ya kutokea. Kila tone la chooni, bafuni na jikoni linabaki humo hadi gari la majitaka lije kunyonya. Hilo mwenye nyumba analijua. Kwenye tangazo anaweka picha ya machweo na neno "inalala watu 10".

Sasa pigeni hesabu, maana wao hawataki kuipiga. Choo cha zamani kinakula lita 13 kila ukivuta maji. Watu 10, mara 5 kwa siku, ni lita 650. Bafu la mvua la dakika 8, lita 9 kwa dakika, ni lita 72 kwa mtu, yaani 720 kwa wote. Weka 130 za vyombo na kunawa. Jumla lita 1,500 kwa siku! Tangi la lita 4,500, ukubwa wa kawaida kabisa, linajaa ndani ya siku 3 hata kama mlilikuta tupu. Mkilikuta nusu, mkiingia Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi kazi imekwisha. Na long wikendi magari yote ya majitaka yana oda tayari, usitegemee kupata la dharura.

Ndani ya tangi kuna floti, yaani boya dogo linaloelea. Majitaka yakifika kiwango cha hatari floti inapanda, taa nyekundu inawaka na king'ora kinalia. Wapo wanaozima king'ora kisiwakere wageni. Wapo wanaochomoa waya kabisa! Matokeo yake, tangi likishajaa majitaka yanatafuta tundu la chini kuliko yote. Dalili ya kwanza ni sakafu ya bafu la chini kugugumia mtu akivuta choo ghorofani, halafu maji meusi yanapanda polepole kupitia kichujio cha sakafuni. Ukiona hivyo fungeni maji yote, msivute choo hata mara moja, pigeni simu. Kama nyumba haina ghorofa ya chini ya ardhi, yanatokea kwenye mfuniko wa tangi uani, yanalowesha udongo na kuteremka ziwani.

Ila kuna ushenzi zaidi ya huo: tangi kutobolewa makusudi ili mwenyewe asilipie gari. Namna ya kulitambua si ngumu. Nyumba inajaa wageni Juni hadi Agosti na gari halionekani. Nyasi za upande wa chini wa tangi ni mbichi na ndefu wakati za jirani zimekauka. Au tangi linyonywe leo, nyumba ifungwe, baada ya wiki likutwe na maji: ufa unaotoa majitaka kiangazi ndio unaoingiza maji ya ardhini theluji ikiyeyuka.

Najua kuna mtu atakuja kusema "wakulima ndio wanaochafua". Ni kweli fosforasi nyingi, kirutubisho kinachokuza huo ukijani ziwani, inatoka mashambani, na tope la chini ya maziwa haya linaachia nyingine oksijeni ikiisha. Lakini ziwa ambalo tayari limeshiba fosforasi ndilo hasa halihitaji choo chako juu yake! Na usiniambie kuhusu mbolea mnayomwaga kwenye bustani iliyo mita 10 kutoka majini, na matete mnayong'oa ili mpate ufuko wa picha. Matete yale ndiyo yanayochuja.

Kabla ya kulipa muulize mwenye nyumba, kwa maandishi: tangi ni lita ngapi, lilinyonywa tarehe gani, taa ya tahadhari iko wapi, na nani analipa likijaa. Akijiumauma, acha. Mkifika, mafuta ya kukaangia yasiende kwenye sinki, waipesi na pampasi zisiingie chooni hata kama pakiti imeandikwa zinayeyuka. Hazisambaratiki, zinanasa kwenye floti na kwenye bomba la kunyonyea la gari la majitaka.

NYONGEZA: Mdau kauliza atajuaje kama kijani ni sumu au majani tu. Chovya kijiti. Kikitoka na nyuzi ndefu kama nywele, mara nyingi ni mwani wa kawaida. Kikitoka kama kimechovywa kwenye rangi ya ukutani, kaeni mbali. Kipimo kingine: jaza chupa ya kioo robo tatu (vaa glavu), iache kwenye friji usiku kucha bila kuitikisa. Kijani kikielea juu asubuhi, chukulia ni sainobakteria, yaani bakteria wanaofanana na mwani na wanaoweza kutoa sumu. Hakuna kinachothibitisha sumu isipokuwa maabara. Mwongozo wa Kanada wa maji ya kuogelea ni mikrogramu 10 za maikrosistini (sumu ya bakteria hao) kwa lita, ya kunywa 1.5.

Na aliyesema "tutachemsha": HAPANA. Kuchemsha hakuondoi sumu hiyo, maji yanapungua na sumu inabaki. Mbwa akitoka majini msuuzeni kwa maji safi kabla hajalamba manyoya. Watoto wadogo wasichezee povu lililosukumwa na upepo ufukweni, ndipo sumu inapojikusanya zaidi.