Mrejesho: nukuu ndani ya rejeksi ya PHP

Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini preg_match_all yangu (kitendakazi cha lugha ya PHP kinachotafuta kwa rejeksi, yaani mchoro wa kutafutia maandishi) inaruka href (sehemu ya HTML yenye anwani ya kiungo) zilizozungushiwa nukuu moja (') kwenye kurasa za mteja wangu hapa Kampala. Nilifuata ushauri wa kunasa nukuu ya kufungulia, kisha kuirudia kwa \1, yaani kile kilichonaswa na mabano ya kwanza:

'~href=(["\'])(.*?)\1~i'

Mwanzoni haikunasa kitu. Kumbe niliiandika ndani ya nukuu mbili ("), na humo PHP huigeuza \1 kuwa herufi isiyoonekana hata kabla rejeksi haijaanza kazi. Nusu siku ililiwa hapo! Nilipoizungushia nukuu moja, ikakubali.

Href zisizo na nukuu kabisa bado zinaponyoka. Hizo nimeiachia DOMDocument, zana ya PHP ya kusoma HTML, kama ndugu mmoja alivyonionya tangu mwanzo nikajifanya sisikii. Mwebale nnyo (asanteni sana).