Tupeane uzoefu: mara ya kwanza kulala porini milima ya Mbeya na Rungwe

Binti wa Uyole
Wakuu habari za jioni. Juzi nilikuwa kwenye Coaster natoka Tukuyu, nikauona mlima Rungwe umefunguka wote, hauna hata wingu. Tangu siku hiyo sina raha, nataka nilale kule juu. Tuko wanne, wote wakazi wa jiji la Mbeya, hakuna aliyewahi kulala kwenye hema. Waliowahi, mara ya kwanza ilikuwaje? Tuanzie wapi, tubebe nini, na nini kiliwatesa?

Kona Hamsini na Saba
Nimekaa mkao wa kula.

Fundi wa Mwanjelwa
Anzeni na Loleza dada. Mita 2,656, upo nyuma ya mji hapo, asubuhi mnapanda, mchana mmerudi mnakula chipsi. Ila bebeni mabegi yenye uzito uleule mtakaobeba siku yenyewe. Mimi mlima ule ndio ulionionyesha kiatu kipya kinavyochuna kisigino. Kama mtu ni wa kuishiwa pumzi, bora aishiwe huku anaona bati la kwao.

Mtoto wa Matamba
Dada kauliza habari za porini, wewe unampeleka uani! Nendeni Kitulo. Uwanda upo kama mita 2,600, hifadhi ya taifa tangu 2005, na kwa maua yake wazee wanapaita Bustani ya Mungu. Mnapitia Chimala, mnapanda zile kona mpaka Matamba. Nendeni Januari au Februari, maua yamejaa mpaka macho yanachoka.

Fundi wa Mwanjelwa
Sijasema alale Loleza. Rudia kusoma. Na hiyo Februari yako ni mvua tupu, unampeleka mtu wa mara ya kwanza akalale kwenye tope?

Mtoto wa Matamba
Maua bila mvua utayapata wapi mkuu? Akienda Julai atakuta nyasi kavu na asubuhi zimeganda barafu nyeupe. Achague mwenyewe, mvua au baridi.

Mama Wawili
Hapo kwenye baridi msipite haraka. Mbeya mjini tupo kama mita 1,700, kilele cha Rungwe kinakaribia 2,960. Kila mita elfu moja unazopanda, joto linashuka nyuzi sita hivi. Ile baridi ya Juni inayokufanya uvae koti sebuleni, juu kule ongeza nyingine, na upepo, na hakuna ukuta.

Mwakaleli Juu
Uzi huu umenikumbusha jambo ambalo huwa silisimulii. Tulipanda Rungwe kutokea upande wa Isongole, tukiwa na mzee mmoja mwenyeji wa pale. Mwenzetu mmoja alikuja kutoka Dar, kijana wa mazoezi, mwili umejengeka. Alivaa suruali ya jinsi, fulana ya pamba na sweta la pamba. Mzee alimtazama asubuhi ile akamwambia, "Mwanangu, hiyo suruali ikilowa haikauki." Kijana akacheka, akasema atapanda haraka, mvua haitamkuta.

Mvua ilitukuta kwenye mianzi. Mvua ya Rungwe mnaijua, haitangazi. Pale mianzi imefunga juu, maji hayaanguki tu, yanakumwagikia shingoni kila unaposhika mti ujivute. Tukaendelea. Tulipotoka kwenye miti, upepo ukatupiga usoni, kijana akaanza kutetemeka meno yakigongana. Tukamtania kidogo. Baada ya muda akaacha kutetemeka, na sisi tukadhani amepata nafuu.

Mzee ndiye aliyesimama. Akamuuliza jina la mama yake. Kijana akajibu maneno hayaeleweki, anaburuza ulimi kama mlevi, akasema anataka kukaa apumzike kidogo, alale. Midomo ilikuwa ya zambarau. Mzee akabadilika sura. Akaamuru turubai lifungwe palepale tulipo, hakuna kwenda mbele wala kurudi. Tukamwambia kijana avue nguo. Alishika kifungo cha jinsi, vidole vinateleza, anakiangalia kile kifungo wala hajui akifanye nini. Mzee akatoa kisu, akaikata ile suruali kuanzia kiunoni.

Tukamkausha kwa kanga, tukamvika nguo kavu, kofia ya sufu, tukamlaza juu ya mabegi asiguse ardhi. Wawili wakaingia naye kwenye blanketi, mmoja kila upande. Mmoja wetu akachomoa konyagi, mzee akainyang'anya. Akachemsha uji mwepesi, sukari nyingi, akamnywesha kijiko kwa kijiko alipoanza kumeza vizuri. Saa nzima hatukuongea. Kutetemeka kuliporudi, mzee akasema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, akakaa chini akafunika uso kwa mikono.

Asubuhi tulishuka. Kilele hatukukiona. Dada, nakuomba kwa moyo wote: nguo kavu seti moja ndani ya nailoni, isiguswe mpaka usiku. Hiyo ni roho yako.

Kona Hamsini na Saba
Dah. Nimesoma mara mbili.

Tukuyu Kwetu
Naunga mkono hoja. Wilaya yetu inapata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, halafu mtu anapanda na jinsi.

Mnyalu Halisi
Ila konyagi ya huyo kijana mlimwonea. Kidogo tu inachangamsha damu.

Sista wa Zamu
Hapana kaka. Pombe inapanua mishipa ya ngozini, damu ya moto inakimbilia nje, unahisi joto huku mwili wa ndani unapoa. Mzee yule alifanya sawasawa kabisa.

Mtu wa Makete
Mngekuwa na jiko la mkaa ndani ya hema yote hayo yasingetokea. Sisi Makete tunalala nalo.

Sista wa Zamu
Naomba ujumbe huu usifuatwe na yeyote. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, hailii. Mtu anasikia usingizi mtamu na hapo ndio basi. Nimewapokea watu wa namna hiyo alfajiri, mume na mke, jiko bado lina moto.

Mtu wa Makete
Tunaacha dirisha wazi dada. Bibi yangu amelala na jiko maisha yake yote.

Sista wa Zamu
Nyumba ya bibi yako ina mwanya wa bati na mlango. Hema likifungwa zipu kwa ajili ya baridi, hewa inatoka wapi? Hata gesi ya kupikia, pikeni nje. Chupa ya maji ya moto miguuni inatosha.

Mtu wa Makete
Haya, la hema nimekubali. La nyumbani tutaongea.

Tukuyu Kwetu
Tusisahau na siafu. Kagueni ardhi kabla ya kupiga hema. Sisi walitutoa nje usiku wa manane, kila mtu anajipiga makofi gizani.

Binti wa Uyole
Asanteni sana, hasa kaka wa Mwakaleli, pole kwa yaliyowakuta. Je, mwenyeji ni lazima? Mwenzetu anasema simu yake ina ramani.

Fundi wa Mwanjelwa
Njia inaonekana, okoeni hela.

Mwakaleli Juu
Njia inaonekana jua likiwaka. Ukungu ukishuka huoni hata wa mbele yako, na simu kwenye baridi chaji inaisha mapema. Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, ipo chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, kwa hiyo ulizeni kwao kibali na mwongozaji kabla ya siku ya safari. Wale wenyeji wanajua hata miti anakopenda kukaa kipunji, yule nyani aliyegunduliwa huko mwaka 2003.

Ushauri wangu: anzeni na Ziwa Ngozi, kwenda na kurudi siku moja, mabegi mgongoni. Rungwe muupande Septemba, ardhi imekauka na baridi imepungua. Asubuhi saa kumi na mbili muwe mmeshaanza kutembea, saa tisa alasiri hema liwe limesimama, maana msituni giza linaingia kabla ya jua kuzama. Na huyo mwenzenu mwenye ramani, muulizeni ana suruali gani.