AFCON kila baada ya miaka minne: mimi napinga, njooni tubishane

Mtoa mada, Dar es Salaam

Wakuu, heshima kwenu. Nilisubiri AFCON ya Morocco, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, iishe ndiyo nilete hili, maana Taifa Stars, timu yetu ya taifa, ikiwa uwanjani hakuna mwenye masikio ya kusikiliza habari za kalenda.

Kwa aliyepitwa: tarehe 20 Desemba 2025, siku moja kabla ya mechi ya ufunguzi, Rais wa CAF (Shirikisho la Soka Afrika) Patrice Motsepe alitangaza kule Rabat kwamba AFCON ya 2027 itachezwa kwetu kama ilivyopangwa, yaani Kenya, Tanzania na Uganda, kutakuwa na nyingine 2028, na baada ya hapo itakuwa kila baada ya miaka minne badala ya miwili. Pengo litazibwa na Ligi ya Mataifa ya Afrika, itakayochezwa kila mwaka kuanzia 2029. Siku hizohizo zawadi ya bingwa ikapandishwa kutoka dola milioni 7 hadi milioni 10, watu wakapiga makofi.

Mimi sikupiga. Na sipingi kwa niaba ya Afrika nzima, hao wana watetezi wao. Napinga kama shabiki wa Taifa Stars mwenye ubinafsi wake.

Tazameni tulikotoka. Mwaka 1980 tulikwenda Nigeria, tukafungwa 3-1 na wenyeji, 2-1 na Misri, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast. Kisha miaka 39 ya kuangalia wenzetu. Tukarudi 2019 kule Misri, tukapigwa mechi zote tatu, mabao manane wavuni kwetu. Mapema 2024 Ivory Coast: 3-0 kutoka kwa Morocco, lakini sare na Zambia na sare na Congo. Safari hii tukafungwa 2-1 na Nigeria, sare na Uganda, sare na Tunisia kwa bao la Fei Toto, tukavuka na pointi mbili, tukiwaacha Angola nje kwa sababu tu tulifunga bao moja zaidi yao. Hatua ya mtoano, mara ya kwanza katika historia yetu. Na aliyetutoa ni mwenyeji, nyumbani kwake, kwa bao moja la Brahim Díaz. Lile tukio la mchezaji wetu Nado kuangushwa ndani ya boksi mwishoni sitaki kuligusa leo, nitashindwa kulala.

Timu ile ya 2019 na hii ya juzi hazilingani hata kwa namna wanavyosimama wakati wa wimbo wa taifa. Hawakujifunza hayo kambini. Wamejifunza kwa kupigwa, kurudi, kupigwa tena, kurudi tena, kabla kizazi hakijastaafu. Simon Msuva amefunga katika fainali tatu tofauti: dhidi ya Kenya, dhidi ya Zambia, dhidi ya Uganda. Mchezaji wetu hudumu timu ya taifa miaka minane, kumi akijitunza. Kwa utaratibu mpya, huyo atapata nafasi mbili maishani mwake, na moja akiumia goti ndiyo basi.

Karibuni.

Mchangiaji, Mwanza

Mtoa mada umeandika vizuri ila umeficha hesabu moja. Fainali nne, mechi 13, ushindi sifuri. Sare tano, vipigo vinane. Tumevuka kundi bila kumfunga mtu, halafu unakuja hapa kutuambia tumekomaa!

Pili, unachanganya sababu. Kati ya 1980 na 2019 AFCON ilikuwa kila miaka miwili na sisi tulikuwa kwenye kibanda umiza tunashangilia Cameroon. Miaka miwili haikutusaidia chochote. Kilichotupeleka ni CAF kuongeza timu kutoka 16 hadi 24 mwaka 2019. Hizo 24 bado zipo, hakuna aliyezigusa. Sasa unalilia nini?

Mchangiaji, Lubumbashi

Mimi naunga mkono miaka minne, na nitasema kwa nini. Sisi Congo timu yetu ina vijana wengi waliozaliwa au kukulia Ulaya. Kila AFCON ikikaribia ni vita na klabu: nani aachiwe, lini, arudi lini. Kocha wa Ulaya akiwa na wachezaji wawili wanaolingana, mmoja anaondoka wiki tano katikati ya msimu kila baada ya miaka miwili na mwingine haondoki, atamnunua nani? Kijana akirudi anakuta namba yake imechukuliwa. Mnaosema "Ulaya wasituamrishe" mnasema kwa midomo, bei analipa mchezaji.

Mtoa mada

Mwanza, hesabu yako ni sahihi kabisa na inauma. Lakini mtu aliyeshindwa mitihani 13 hapunguziwi mitihani, au siyo? Timu 24 ndizo zilizofungua mlango, sikatai. Ila mlango huo sasa utafunguliwa mara moja pale ulipokuwa unafunguliwa mara mbili. Senegal, Morocco, Misri hawatapoteza kitu, hao wataingia hata ikiwa kila baada ya miaka kumi. Anayeumia ni yule anayeingia kwa kuponea, kama sisi, kama Comoro, kama Botswana. Ukikosa kwa bao moja leo, unasubiri miaka minane tangu ulipocheza mara ya mwisho. Kwa mchezaji hiyo ni ajira nzima.

Ndugu yangu wa Lubumbashi, hoja yako ni nzito na naona wengi humu hawaitaki kwa sababu inawagusa. Shabiki wa Manchester United wa hapa Temeke alikuwa anawatukana Mbeumo, Amad na Mazraoui kwa kwenda Morocco, huku amevaa jezi ya Stars! Lakini turudi kwenye chanzo. Kwa nini mashindano haya yaliangukia Desemba? Kwa sababu Juni na Julai 2025 zilichukuliwa na Kombe la Dunia la Klabu la FIFA kule Marekani. CAF ndiyo iliyosogea. Halafu klabu zikaruhusiwa kukaa na wachezaji hadi tarehe 15 Desemba, siku sita kabla ya ufunguzi. Makocha wetu wakaandaa timu kwa siku hizo. Kwa hiyo tumesogea mara ya kwanza, tukabanwa mara ya pili, na sasa tunaambiwa dawa ni kupunguza mashindano yenyewe.

Amerika ya Kaskazini na Karibi wana Gold Cup yao: 2021, 2023, 2025. Kila baada ya miaka miwili. Umewahi kusikia kelele? Inachezwa katikati ya mwaka, klabu za Ulaya zikiwa likizo. Sasa AFCON ya 2027 nayo imepangwa katikati ya mwaka. Ukiweza kuiweka hapo, ugomvi wako na klabu unaisha wenyewe, huna haja ya kukata.

Mchangiaji, Lubumbashi

Katikati ya mwaka Kinshasa na Lubumbashi ni sawa, kiangazi. Abidjan na Lagos je? Mvua. Fainali za Cameroon zilisogezwa hadi Januari kwa sababu hiyo. Huwezi kuipangia Afrika yote kalenda kwa hali ya hewa ya Dar.

Mchangiaji, Mombasa

Nyinyi Watanzania mwanilia kupunguziwa! Harambee Stars imeenda Tunisia 2004, ikaenda Misri 2019, na Morocco hatukufika. Hiyo ni mara moja kila baada ya miaka kumi na tano. Motsepe akitaka aweke hata kila baada ya miaka kumi, kwetu ni maendeleo.

(Na mtoa mada, naona mabao manane ya 2019 umeyataja kwa jumla jumla. Matatu ni yetu. Olunga mawili.)

Sasa niseme la maana. Kinachoniuma mimi si kufuzu, ni kuandaa. Kenya tulipewa AFCON ya 1996, tukanyang'anywa, ikaenda Afrika Kusini. Tukapewa CHAN ya 2018 (mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani), tukanyang'anywa, ikaenda Morocco. Ile tuliyopata hatimaye pamoja nanyi na Uganda ilitakiwa Februari 2025, ikasukumwa hadi Agosti kwa sababu viwanja havikuwa tayari. Lakini ilipochezwa, mliona Kasarani siku tulipowafunga Morocco 1-0 tukiwa kumi? Mliona Mkapa siku ya ufunguzi? Ukanda huu una kiu. Mara ya mwisho AFCON kuchezwa upande huu wa bara ilikuwa Ethiopia 1976. Tunajenga uwanja wa Talanta wa watu elfu sitini, nyinyi mnajenga Arusha, Waganda wamejenga Hoima. Fainali zikija kila baada ya miaka minne, na kila kanda ikingoja zamu, mjukuu wangu ndiye atakayeona nyingine Afrika Mashariki.

Mchangiaji, Mwanza

Na ndiyo vizuri zaidi, kaka. Kitu cha nadra kina thamani. Kombe la Dunia lingekuwa kila miaka miwili nani angelihesabia siku? Tena serikali zetu zinabeba gharama za kambi, ndege, hamasa. Kila baada ya miaka miwili unachanga, unakwenda, unarudi na sare mbili. Bora mara moja, tujiandae kweli. Na hujasema lolote kuhusu Ligi ya Mataifa. Mashindano kila mwaka! Mechi zitaongezeka, hazitapungua.

Mtoa mada

Nilikuwa nasubiri mtu alitaje hilo.

Agosti 2022, mkutano mkuu wa CAF ulifanyika Arusha. Hapa kwetu. Ndipo ilipozinduliwa ile Super League ya klabu, timu 24, zawadi za jumla dola milioni 100. Tulijaa matumaini, hasa sisi wa Msimbazi, mashabiki wa Simba. Tarehe 20 Oktoba 2023 ikafunguliwa Uwanja wa Mkapa, Simba 2, Al Ahly 2, rais wa FIFA Infantino mwenyewe jukwaani. Jina lilikuwa limeshabadilika kuwa African Football League na timu zilikuwa zimekuwa nane. Mamelodi Sundowns wakabeba kombe. Toleo la pili liko wapi? Nimelisubiri 2024, nimelisubiri 2025.

Waliotuahidi Arusha ndio hawahawa wanaotuahidi Ligi ya Mataifa. Mimi si mtu wa kukataa jambo jipya, lakini utaratibu wa kawaida ni kuonja kwanza. Chezesheni Ligi ya Mataifa mara mbili, tatu. Tuone wadhamini wanakuja, tuone nani anarusha matangazo, tuone klabu zinaachia wachezaji. Ikisimama, ndipo tukae kuzungumza kuhusu AFCON. Wao wamekata kwanza, wataonja baadaye.

Halafu itazameni ilivyopangwa: kwa kanda. Mashariki na mashariki, magharibi na magharibi. Maana yake Stars itacheza na Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi, Sudan. Hiyo tunayo tangu zamani, inaitwa Chalenji ya CECAFA, na mimi naipenda, nimeipigia kelele hadi sauti kukauka. Lakini Stars ya leo haikutengenezwa na Chalenji. Beki wetu amejifunza kumkaba Osimhen, mshambuliaji wa Nigeria, kwa kukutana na Osimhen. Hadi ufike kwenye hatua ya kukutana na vigogo wa kanda nyingine katika hiyo ligi, lazima uwe umeshatoka kwenye kanda yako. Timu za katikati zitazunguka humu humu.

Thamani ya nadra, Mwanza, ni hoja ya mtu ambaye tayari anacho kitu. Aliye na makombe saba aseme yamekuwa mengi. Wewe na mimi hatujaona hata ushindi mmoja.

Mchangiaji, Mombasa

Hapo kwa Super League umenigusa. Ila swali: wazo hili la miaka minne si la CAF peke yake. Infantino alilisema hadharani kulekule Rabat Februari 2020, CAF wakati huo wakalipa kisogo. Miaka karibu sita baadaye limepita. Mashirikisho yetu matatu yalikuwa wapi? Kuna aliyeuliza shabiki?

Mtoa mada

Ndiyo hapo. Uamuzi umetoka Kamati ya Utendaji, ukasomwa kwa waandishi wa habari mechi ya ufunguzi ikiwa kesho yake. Nani angebisha siku hiyo? Na nchi zetu tatu, kwa maoni yangu, ndizo zilikuwa na mdomo mzito kuliko zote: una fainali za 2027 mkononi, viwanja vyako bado vinakaguliwa, kila wiki kuna tetesi kwamba utapokonywa. Huwezi kusimama kumpinga anayeshika kalamu.

Nisichokubali ni nyinyi mnaosema "haya ni mambo ya wakubwa". Sheria za mashindano hubadilishwa kila siku. AFCON ilikuwa miaka shufwa, ikahamishiwa miaka witiri kuanzia 2013 ili isigongane na Kombe la Dunia, na ndiyo maana tulikuwa na 2012 na 2013 mfululizo, Zambia bingwa, Nigeria bingwa. Ilikuwa timu 16, zikawa 24. Ilikuwa Januari, ikawa Juni, ikarudi Januari, ikawa Desemba. Hakuna kilichoandikwa kwenye jiwe hapa, na hadi 2029 kuna mikutano mikuu kadhaa ambako TFF, shirikisho letu, ina kura sawa na ya Morocco.

Mchangiaji, Lubumbashi

Kura sawa, sauti si sawa. Unajua hilo.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi bado niko na miaka minne. Ila kwenye suala la kuijaribu hiyo ligi kwanza, sina jibu. Mwenye jibu alete. Na mtoa mada, tukimfunga mtu mmoja tu 2027 pale Mkapa, nitakuja hapa kukuunga mkono kwa herufi kubwa.

Mtoa mada

Imeandikwa, na wengine ni mashahidi. Wanaounga mkono miaka minne, anzeni na swali la Mwanza.