RCC ipewe meno au ibaki kushauri tu?

Wa Mbalizi:
Wakuu, habari za leo. Wako wanaotaka Kamati ya Ushauri ya Mkoa, yaani RCC, ipewe nguvu ya kuzibana halmashauri zishirikiane. Napinga. Kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, kazi yake ni kushauri. Mwenyekiti ni Mkuu wa Mkoa, mteule wa Rais. Wamo ma-DC, yaani wakuu wa wilaya, wabunge, wenyeviti wa halmashauri na wakurugenzi. Diwani wa kata yangu hayumo. Kipe meno kikao hicho uone kama hatujarudi 1972, halmashauri zilipofutwa, mpaka sheria za 1982 zikazirudisha.

Wa Kihesa:
Kamwene mkuu. Hofu yako ya zamani hiyo. Halmashauri zenyewe haziketi zikaelewana, kila moja inalinda geti lake la ushuru. Ushuru wa mazao uliposhushwa 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukaachwa upite bure toka halmashauri moja kwenda nyingine, nani aliamua? Bunge! Bila mkubwa kukemea hakuna ujirani.

Wa Mbalizi:
Hapo umejifunga bao. Ni Bunge, si RCC. Kwetu shida ni ya wawili: Mbalizi iko Halmashauri ya Wilaya ya Mbeya, lakini riziki yetu iko Mwanjelwa, Jiji la Mbeya. Tukitaka dampo la pamoja, mjumbe wa Kyela au Chunya, wilaya nyingine za mkoa, anatuamulia kama nani? Mabaraza mawili yakae, yachange bajeti, kila moja lipitishe kwake. RCC ipewe taarifa, basi.

Wa Madibira:
Ninyi mna taka, sisi tuna maji. Mto Ndembera unaanzia Mufindi, mkoa wa Iringa, ndio unaolisha mpunga wetu huku Mbarali, mkoa wa Mbeya. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ipo, inatoa vibali vya maji, sawa. Ila vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vya kule juu vinahitaji sheria ndogo, na sheria ndogo inatungwa na halmashauri ya Mufindi, ambayo haina sababu ya kumuudhi mpiga kura wake kwa ajili yangu. Sasa Mkuu wa Kihesa, hayo meno unampa nani? RCC ya Iringa haitanitetea mimi, na ya Mbeya haina mamlaka Mufindi.